Kitambaa Kimoja Hakikurudi

Wajukuu wangu husikitika sana wanaponiuliza nilipigana na majambazi wangapi nikiwa askari. Nawajibu kwamba sikupigana na hata mmoja. Mimi nilikuwa mtu wa stoo. Wenzangu walitoka asubuhi na bunduki mabegani, wamejaa maringo, nami nikabaki na matambara, sufuria ya maji ya moto na mkebe wa mafuta ya taa. Jioni walinirudishia bunduki zikiwa na vumbi, jasho na masizi ya baruti, nikazisafisha. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwanza Homa Bay, kisha Migori, na kama kuna mtu anayedhani ilikuwa kazi ya kupumzika, namwomba asome mpaka mwisho.

Nawaandikia ninyi mlioajiriwa juzi juzi, mnaopewa mafuta ya bunduki kwenye makopo mazuri yenye maelezo ubavuni. Sitaki kuwavunja moyo. Nataka muogope kidogo tu. Mimi niliogopa mno siku moja katika miaka ile ya tisini, na hofu ile bado hunijia nikishika kitambaa chochote, hata cha kupangusia meza.

Aliyenifundisha kazi ni Sajini Okelo wa Homa Bay, mtu mfupi, mvuta ugoro, mwenye hasira za karibu. Nilipofika kwake mara ya kwanza alikuwa amefungua sanduku la bunduki za zamani zilizolazwa ndani ya grisi kabla hata sijazaliwa. Grisi yenyewe ilikuwa ya kahawia, nzito kama uji wa mtama uliolala. Mimi, kwa kutaka kuonekana mchapakazi, nikachukua kisu nikaanza kukwangua. Okelo alinipiga kofi mkononi.

"Wuoda, unataka kunyoa bunduki?"

Wuoda ni mwanangu kwa Dholuo, lakini alivyolitamka neno lile hapakuwa na upendo wowote ndani yake. Aliondoa mbao zote, akapanga vyuma juu ya mabati uani saa sita mchana, akaketi kivulini. Tulikaa tu. Baada ya saa moja grisi ikaanza kutiririka yenyewe.

"Jua la Homa Bay halina mshahara," akasema, "na bado linafanya kazi kukushinda."

Kilichobaki tukakiosha kwa mafuta ya taa na brashi, kisha tukaingia mtutuni. Hapa msikilize vizuri. Mtutu husafishwa kuanzia nyuma, kule risasi inakoingilia, mkivuta kuelekea mdomoni. Sisi tulitumia kamba ndefu yenye kipande cha shaba upande mmoja na kitanzi upande wa pili. Unaangusha shaba ipite mtutu mzima, unatia kitambaa kwenye kitanzi, unavuta kwa mkono ulionyooka. Ukivuta upande upande, kamba itasugua mdomo wa bunduki na kuula, na ukishaliwa, hata mlenga shabaha hodari atakosa ng'ombe aliyesimama zizini.

Jambo lililonishangaza zaidi ni maji ya moto. Nani amwagie chuma maji? Nikajiona mjanja. Bunduki zilipotoka kwenye mazoezi ya shabaha nikaruka hatua ile, nikapaka mafuta mengi, nikaenda zangu. Siku tatu baadaye Okelo alichungulia, akaona wekundu ndani. Akaiweka bunduki chini. Alinikaribisha chai, nami nikashangaa amepatwa na nini mzee huyu leo. Nikanywa funda moja, nikaitema. Alikuwa ametia chumvi, vijiko vitatu labda.

"Ongeza maziwa," akaniambia. "Labda chumvi itatoka."

Ndipo akanieleza kwamba risasi zetu za zamani zilikuwa zinaacha chumvi mtutuni, na mafuta hayaondoi chumvi, yanaifunika tu, na chini ya mafuta kutu inaendelea kula raha mustarehe. Maji yaliyochemka ndiyo yanayoiyeyusha. Unamimina kwa faneli, chuma chenyewe kinapata moto na kujikausha, unamalizia kwa vitambaa vikavu, halafu mafuta kidogo sana. Sijasahau tena, na chai ile ndiyo sababu.

Alikuwa na sheria mbili alizozishika kama sala. Vitambaa vikatwe sawa, vihesabiwe kabla ya kazi, vihesabiwe tena baada ya kazi, na bunduki isitoke mlangoni kabla hesabu haijatimia. Kisha kila mtutu uchunguliwe: toa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, weka ukucha wa dole gumba kule nyuma ili upokee mwanga, tazama kutoka mdomoni. Ukiona duara jeupe na mifereji iliyochongwa ndani inazunguka vizuri, basi. Nilizichukua sheria zote mbili nikaenda nazo Migori nilipohamishwa, na kwa muda nilizifuata.

Sasa nije kwenye upumbavu wangu.

Pale Migori mafuta ya bunduki yaliisha. Tuliandika barua, tukajibiwa tusubiri. Tukasubiri. Mvua zikaanza, kutu ikaanza kuonekana kwenye bolti, nami nikakosa raha. Mke wangu, Nyar Sori, binti wa kule ufukweni, alikuwa akikaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, nyumbani. Enzi zile viwanda vilichukua minofu ya mbuta, yaani sangara, sisi wenyeji tukabaki na mifupa na vichwa, na mifupa ile ilikuwa na mafuta ajabu. Alikuwa na mitungi miwili ya mafuta ya mbuta, ya manjano, mepesi, yanang'aa. Nikayatazama. Nikapaka kidogo kwenye panga la nyumbani. Likameremeta.

Kesho yake nikapaka bunduki zote.

Msicheke. Zilipendeza! Inspekta, mkuu wetu wa kambi, alizikagua kwenye gwaride akanisifu mbele ya watu, na mimi nikanyamaza kama mtu aliyepokea mzigo maalumu kutoka Nairobi. Waliogundua mapema ni paka. Walianza kulala mlangoni pa stoo, na askari mmoja alifuatwa na paka watatu kutoka kambini mpaka sokoni, akiwa zamu, watu wakimpigia makofi. Na Konstebo Marwa hakuacha kulalamika. Marwa alikuwa Mkuria, mtu wa ng'ombe na maziwa, asiyeweza kukaa meza moja na samaki. Kila akipokea bunduki alikunja uso.

"Jastoo, hii kitu inanuka kama jikoni yako."

Jastoo ndilo jina walilonipa, mtu wa stoo. Nikamwambia avumilie, ni mafuta ya kisasa.

Mafuta ya mbuta yana tabia ambayo sikuijua. Yakikaa kwenye hewa hayabaki mafuta. Yanashika, yanakuwa gundi, mwisho yanakuwa ngozi ngumu ya kahawia. Baada ya miezi miwili bolti zilikuwa hazifunguki bila kupigwa kofi. Ndani ya mitutu, gundi ile ilikuwa imekamata masizi na vumbi, mifereji haionekani. Niliogopa. Nikajipangia kusafisha bunduki mbili mbili kila siku, kimya kimya, kabla Inspekta hajagundua.

Sikupata siku hizo. Mchana mmoja Inspekta aliniita akasema kesho alfajiri anataka bunduki kumi: sita kwa zamu za mjini, nne ziende Macalder, ambako makundi mawili ya wachimba dhahabu yalikuwa yanagombania shimo na watu wameanza kutishiana. Nikasema ndiyo afande. Nikakata vitambaa thelathini na sita, nikachemsha maji, nikaanza.

Gundi ilikataa. Maji ya moto yaliilainisha kidogo, mafuta ya taa kidogo, lakini kitambaa cha kipimo cha kawaida kilinasa katikati na kamba ikanikata viganja. Basi nikavipunguza vingine kingo viwe vidogo zaidi, nikavitia viwili viwili kwenye kitanzi, kimoja juu ya kingine. Okelo angeniona angenichemsha mimi. Kitambaa kidogo kinaweza kuchomoka kitanzini, kikabaki ndani, na wewe ukaendelea kuvuta kamba ukifurahi kwamba leo inapita vizuri. Nilijua hivyo. Nilikuwa nakimbizana na jua. Bunduki ya kumi ilipokwisha viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, nikatupa matambara yote kwenye ndoo, nikasema nitahesabu asubuhi.

Asubuhi, saa kumi na mbili, wakaja wakasaini wakachukua. Marwa alikuwa miongoni mwa wanne wa Macalder. Hakuna mtutu niliouchungulia.

Saa mbili, kikombe cha chai mkononi, nikachukua ndoo nikateketeze vitambaa. Nikavihesabu kwa mazoea tu. Thelathini na tano. Nikahesabu tena taratibu nikivipanga sakafuni. Thelathini na tano. Chai ikapoa hapo hapo.

Kwa wasiojua: kitambaa ndani ya mtutu si uchafu mdogo. Risasi ikikikuta njiani, nguvu yote inakosa pa kwenda. Mtutu unavimba au unapasuka, na uso wa mwenye bunduki uko palepale, shavu limelalia mbao. Mmoja kati ya watu kumi alikuwa anatembea na kitu hicho begani na mimi sikujua ni nani.

Redio ya kambi ilikuwa hatua kumi kutoka stoo, mezani kwa Inspekta. Kituo cha Macalder nacho kilikuwa na redio. Ilinipasa kuingia na kusema: afande, mtu yeyote asifyatue bunduki, nimeacha kitambaa mtutuni, sijui ni upi. Sentensi moja. Lakini sentensi ile ingevuta nyingine. Kwa nini kitambaa kilinasa? Gundi gani? Mafuta gani? Nikaona uso wa Inspekta aliyenisifu kwenye gwaride, nikasikia kambi nzima ikicheka. Nikajiambia labda kimeanguka tu. Ngoja nitafute kwanza.

Nikatafuta. Niliinua magunia, nikasogeza masanduku, nikageuza mifuko ya suruali, nikapiga magoti chini ya meza nikipapasa kwenye buibui. Nilifagia stoo mara mbili. Nilimuomba Mungu kitambaa kionekane, nikamuahidi mambo ambayo sikuyatimiza hata moja. Nilipotazama saa ilikuwa imepita saa nne.

Hapo nikatoka kwenda mjini. Bado sikuingia kwa Inspekta. Nilizunguka zamu zote sita nikijifanya nafanya ukaguzi wa ghafla. Askari wa kwanza alinitazama juu mpaka chini.

"Jastoo, umepandishwa cheo lini?"

"Lete bunduki."

Bolti nje, ukucha nyuma, jicho mdomoni. Safi. Wa pili, safi. Ninyi mngedhani kila mtutu safi ulinipa nafuu. La hasha. Kila uliokuwa safi ulikisukuma kitambaa kuelekea Macalder. Nilipomaliza wa sita nikatafuta gari la kwenda huko. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Bwana Salim, alikuwa anapeleka lori la sukari na saruji kule Nyatike, njia ya Macalder, nikamsihi dereva wake, nikapanda juu ya mifuko.

Njiani tulisimama mama mmoja mwenye kapu la dagaa apande. Dereva akamuuliza habari za huko.

"Huko si kuzuri," akasema. "Askari walipiga risasi asubuhi. Kuna mtu alitokwa na damu."

"Askari au raia?" nikauliza.

"Mimi sikuona, baba. Nilisikia tu ni damu mingi."

Nilikaa juu ya saruji nikimfikiria mke wa Marwa, ambaye nilimjua, na namna nitakavyosimama mlangoni kwake. Nilitaka lori lifike na nilitaka lisifike. Nawaambieni ukweli, nilifikiria hata kuruka na kurudi nyumbani.

Tulifika saa nane. Nje ya kituo askari watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi. Watatu. Nikauliza Marwa yuko wapi, nao wakaonyesha kwa kidole upande wa nyuma, nami nikazunguka nyumba nikijua naenda kuona maiti.

Marwa alikuwa ameketi juu ya jiwe, bunduki mapajani, anakula muhogo.

Nililia. Nasema bila aibu, nililia kama mtoto, nikageuza uso asinione. Mchimbaji mmoja alikuwa amepigwa jiwe kichwani, ndiyo ile damu, naye alikuwa ameshafungwa bandeji.

"Jastoo," akasema Marwa. "Umekuja kufanya nini huku?"

Na mimi, hata pale, machozi yakiwa bado shavuni, nikadanganya. "Ukaguzi tu. Nimetumwa kuangalia bunduki."

Alimaliza kutafuna. Akatia mkono mfukoni, akatoa kitambaa kidogo cheusi, akakitandika juu ya jiwe.

"Unatafuta hii?"

Nikakiokota, nikakinusa. Mbuta.

"Unajua mimi si mtu wa samaki," akasema. "Tulifika hapa saa mbili, hii bunduki ilikuwa inaninukia mpaka nikashindwa kuweka karibu na uso. Nikatoa bolti nipanguse. Nikaona ndani ni giza. Nikaomba hawa wachimbaji waya ya mwavuli, nikasukuma pole pole." Akanitazama. "Kama ningekuwa napenda samaki, Jastoo, saa hii ungekuwa unanipeleka nyumbani Kehancha kwa sanduku."

Nikataka kumuuliza kama waya ule haukukwaruza mtutu. Fundi ni mtu wa ajabu.

"Saa nne hawa watu walianza kurushiana mawe. Nikapiga moja juu, wakatulia. Ilikuwa saa nne kamili. Wewe ulijua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Hiyo redio yetu imeongea asubuhi yote. Imeuliza kama tumefika, imeuliza kama tumekunywa chai. Ya kitambaa haikusema. Saa nne ulikuwa wapi?"

"Chini ya meza. Nakitafuta."

"Kwa nini chini ya meza?"

"Nilitaka nikipate kabla watu hawajajua."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alisimama, akaomba sufuria ya maji ya moto kwa mama wa chai aliyekuwa pale, akaniwekea bunduki mikononi.

"Imepigwa. Safisha."

Nikasafisha mbele yake na mbele ya wachimbaji waliokuja kutazama. Nilimimina maji, nikapasua kitambaa cha mfukoni vipande sita, nikavihesabu kwa sauti vikiingia, nikavihesabu kwa sauti vikitoka. Sita. Niliposema tayari, Marwa akanipa risasi moja.

"Weka ndani. Weka kwa bega yako. Piga juu."

Nikatoa bolti, nikachungulia. Nikairudisha, halafu nikaitoa tena, nikachungulia mara ya pili. Nikapanguza ukucha, nikasogea mahali penye mwanga zaidi, nikachungulia mara ya tatu. Palikuwa peupe kabisa. Hatimaye nikaiingiza risasi, nikaliweka shavu juu ya mbao, na kidole changu kikakataa kukunjika. Wachimbaji wakaanza kucheka. Marwa hakucheka. Akaniondolea bunduki begani, akaitoa risasi, akaitia mfukoni.

"Basi," akasema. "Nilitaka tu ujue inakuwa aje."

Nilimweleza Inspekta kila kitu nilipokuwa bado Macalder, redio ikisikika na wote, kuanzia mbuta mpaka waya wa mwavuli. Alinishusha cheo na nilistahili. Kambi ilicheka miaka miwili, nikaona kucheka kwenyewe si kitu cha kuua mtu.

Lakini ninachotaka mkichukue ninyi ni kile kidogo kilichonipata nikiwa na ile bunduki begani. Nilikuwa nimeisafisha mwenyewe, nikahesabu mwenyewe, nikaona mwanga kwa jicho langu mwenyewe, na bado sikuiamini. Asubuhi ile ile nilikuwa nimewapa watu kumi bunduki kumi, nikawatakia kazi njema, nikaenda kunywa chai.